Kisiki cha Arobaini na Moja

Daftari la msitu wa kijiji, huku Vrancea, lasema arobaini.
Nimehesabu mara mbili, theluji ikinifika magotini:
visiki arobaini na kimoja.

Nikauliza nyumba kwa nyumba, fomu mkononi.
Paraschiva akanimiminia supu.
Karani akatafuta miwani iliyo puani mwake.
Toader, mlinzi wa miti, akasifu viatu vyangu.

Siku ya kuondoka, mtoto akaninong'oneza:
ule msonobari ni paa la mjane Safta,
la kwanza lilikwenda na upepo.
Walikaa kikao usiku, hawakuwasha taa.

Chuoni tulifunzwa: ulichokiona, kiandike.
Jedwali la tatu, ukurasa wa tisini,
nimeandika arobaini.
Kalamu ilisita kidogo
kwenye sufuri.