Kanyagio

Mugisho alimleta ndani ya katoni ya sabuni,
matundu sita ya msumari ubavuni,
na katika tundu moja, jicho.
"Fundi Cibalonza, huyu ni wa soko la Kadutu.
Wauza nyama wamemmwagia maji ya moto.
Wewe huna mke, huna mbwa, una nafasi."
Kwa hesabu hiyo nikawa mwenyeji.

Nilifungua katoni. Sikuona paka.
Niliona kitu cha kijivu kikipita
kama uzi unaochomoka sindanoni,
na chini ya kabati la nguo
ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua
giza likaota macho mawili.

Usiku ule mvua ilipiga mabati
namna inavyopiga Bukavu, bila hodi.
Mlima mzima uliteremka kwa sauti
kupitia mtaro wetu.
Nilisikia mtu anahema.
Labda yeye. Labda mimi.

Niliweka sambaza watatu juu ya kifuniko cha kopo.
Asubuhi walikuwa watatu, wamekauka, wananitazama.
Usiku wa pili, watatu.
Usiku wa tatu, wawili. Nikamshuku panya,
kisha nikakumbuka: panya habakizi.

Kazi ilikuwa inangoja. Nikakaa, nikakanyaga mara moja tu,
trrrk,
na kichwa kikagonga ubao wa kabati.
Mguu wangu ukaganda,
gurudumu likamalizia mzunguko wake peke yake.
Nikatoa sindano ya mkono.

Siku kumi na moja nilishona kwa mkono.
Suruali nne za wanakwaya,
libaya la Mama Nsimire lenye mabega ya puto,
pindo baada ya pindo, kimya,
kama mwizi anayerudisha.

"Fundi, harusi ni Jumamosi hii, si ya mwakani!"
Nikamwambia mashine inaumwa.
"Inaumwa nini?"
"Woga."
Akanitazama. Akalitazama kabati.
Akakusanya kikwembe magotini, akainama,
akakaa hapo chini kitambo.
Alipoinuka aliomba sindano.
Bega la kushoto alilishona mwenyewe, vibaya sana.
Nililifumua alipoondoka.

Sikumwita paka.
Wameshamwita wengi, nadhani,
na kila "njoo" ilikuwa na sufuria nyuma yake.
Nilikaa sakafuni, nikampa mgongo,
nikamsimulia bei ya vifungo,
umeme uliokatika tena tangu Jumanne,
kijana wa Nguba anayetaka suruali ibane
hadi asiweze kupanda ngazi za kwao,
mambo ambayo mtu humwambia wa nyumbani
bila kudai jibu.
Siku ya nane pua baridi iligusa kisigino changu.
Nikakosea mshono.
Sikugeuka.

Ndani ya kabati kuna koti la mwalimu Byamungu,
aliyesema "nitapita kesho" akaenda na kesho yake.
Miaka yote hii nalipiga brashi kila mwisho wa mwezi.
Juzi mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja,
koti limeanguka, limebonyea katikati,
limejaa manyoya ya kijivu na joto.
Nililiacha lilivyo.
Mwalimu akija, tutazungumza.

Jina hana. Mugisho anataka Simba, mtoto gani hataki?
Mimi humwambia "Wewe,"
na jana, nilipokuwa nikiongea na pasi, aligeuka yeye.

Leo nimeamka na deni la nguo tisa.
Nikavuta kiti, nikanyoosha mguu,
mguu ukakuta kitu laini.
Amelala juu ya kanyagio,
lile lile, chuma chenye kelele,
sikio lake lenye kovu likicheza ndotoni,
mkia umepita katikati ya gurudumu.

Mama Nsimire akatokea mlangoni na kitambaa kingine,
mdomo tayari umefunguka.
Nikaweka kidole mdomoni.
Akavua viatu.