Fumua

Tulikuwa ishirini na wanne. Leo tumekuja kumi na mmoja,
pamoja na Guðný, aliyekuja bila kujua kwamba amekuja:
kakaa dirishani na koti lake, anauliza tena na tena
basi la kwenda nyumbani linapita saa ngapi.

Hvammur, shule yetu, siku hizi inalaza watalii.
Kijana wa mapokezi ametugawia kadi za vyumba
tulivyokuwa tukivipiga deki kwa magoti,
akatuelekeza, polepole, namna ya kuwasha taa.
Svanlaug akamwambia: Mwanangu, taa hii
nimeifuta vumbi kabla bibi yako hajaposwa.

Tulisoma hapa msimu mmoja tu, msimu wa giza.
Jua lilijificha nyuma ya mlima mwezi wa Novemba,
likaonekana tena mwishoni mwa Januari.
Siku hiyo Bi Sigurlaug alifunga darasa,
tukalilaki kwa kahawa na chapati nyembamba kama karatasi,
nalo likakaa dirishani dakika nne, likaaga
kama mgeni aliyekosea nyumba.

Tulifunzwa kunyoosha mashuka, kupaa samaki,
kumkirimu mchungaji asiyetaka kuondoka,
na kufuma. Kila msichana sharti arudi kwao
na kitambaa cha meza, nakshi ile ile, buluu kwa nyeupe.
Leo tumevitandika kwenye meza moja ndefu,
pindo juu ya pindo.
Cha Ragnheiður kina doa la mvinyo la harusi ya kwanza;
harusi ya pili hakukitoa kabatini.
Cha Steinvör kaleta mkwewe,
kimepigwa pasi na mtu asiyejua pasi.
Cha Hallfríður hakipo. Alizikwa nacho.

Na cha Ásgerður ndicho kilichonyooka kuliko vyote.
Najua kwa nini.

Usiku mmoja, mikono ikiniwasha, nilikalia benchi lake
nikafuma mistari minne isiyo yangu,
nikakosea kanyagio, nikapanda kulala.
Asubuhi yake, na kesho yake, na kesho kutwa,
Ásgerður akafuma juu ya kosa langu shibiri tatu.
Ijumaa Bi Sigurlaug akapitisha kidole. Si jicho, kidole.
Kikasimama.
"Fumua."
Wiki nzima tulimsikia ukumbini,
mshindio baada ya mshindio, kama panya atafunaye kamba,
nami niko jikoni, kimya,
nikigundua kwamba fuma na fumua na fumba kinywa
ni ndugu wa tumbo moja.

Siku za mwizi ni arobaini.
Zangu zimefika miaka hamsini na mitano.
Nimeolewa nazo, nimezaa nazo, nimezika mume nazo.
Kila mkutano nilikuja nikiapa: mara hii.
Kisha keki ikakatwa, mmoja akaanza kulia,
wenye safari ndefu wakatafuta viatu.

Leo nimemshika mkono, nimeyamwaga yote kwa pumzi moja.
Ásgerður akavua miwani, akaipangusa.
"Borghildur. Ni wewe peke yako uliyekuwa ukianzia kushoto.
Nilijua kabla Bi Sigurlaug hajatoa kidole chake."
Mbona hukusema?
"Wiki ile zamu ya samaki ilikuwa yangu. Bombani, nje, kwenye barafu.
Wakakupa wewe. Mimi nilikuwa kando ya jiko la makaa,
navuta nyuzi, nasikia joto mgongoni."

Nikatazama kovu la kisu kwenye gumba langu.
Nilidhani ni la wiki nyingine.

Tulicheka hadi Svanlaug akataka kujua tunamcheka nani.
Hatukumwambia.

Wakati huo Guðný alikuwa ameinuka, koti bado mwilini,
anatembea kando ya meza, kiganja juu ya vitambaa,
doa, pindo, doa. Akafika kwenye changu.
Kidole kikasimama.

"Hapa," akasema, kwa sauti ya darasani,
"hapa pana uzi uliorukwa."
Nikainama. Nikavaa miwani ya Ásgerður. Kweli.

Akaniuliza basi linapita saa ngapi.