Ubao Uliopinda

Shule ilipoletewa mbao nyeupe za kuandikia kwa kalamu,
ule mweusi wa darasa la sita ukatupwa nyuma ya stoo.
Nikauomba. Mwalimu mkuu akacheka:
"Mwalimu Kiswaga, umestaafu, bado tu unataka kufundisha?"
Nikamwambia nataka meza.

Mafinga, Julai. Ukungu umelalia bati,
mipaina ng'ambo ya barabara haionekani, inanukia tu.
Nimeingiza jiko la mkaa kibandani
maana gundi nayo ina miguu ya baridi, hugoma.

Nililaza rula ya chuma juu ya ubao:
mwanga ukapenya katikati,
mwembamba kama uzi wa kushonea kifungo.
Miaka thelathini na mmoja niliandika juu ya kitambi kile
nikiwaambia watoto wanyooshe mistari.

Nikaukata vipande viwili,
nikavilaza mgongo kwa mgongo,
upindo huu uushike upindo ule,
jiriwa sita, matofali kumi na mawili,
na usiku mzima wa kuamka kuchungulia.
Asubuhi rula haikupitisha mwanga.
Upande wa chini, ukiinama, utaona bado
hesabu ya kugawanya, na baki yake moja.

Tundu la katikati nilisogeza siku mbili.
Kutoboa ubao wa shule! Mkono ulikataa.
Bamba nimelipata kwa wauza skrepa wa barabara kuu,
alumini ya ubavu wa lori la Tunduma,
lina herufi moja nyekundu, K, iliyopoteza neno lake.
Tupa, msasa, tupa tena,
mpaka ukucha upite kwenye maungio
usijue umevuka mpaka.

Rauta ikaning'inia chini yake, kichwa juu, miguu hewani.
Zamani mimi ndiye niliyeikimbiza juu ya mti,
mfereji ukienda kama njia ya mtoka ulanzini.
Sasa kisu kinakaa. Mti ndio unaokuja.
Uzio ni mninga, mnyoofu kuliko mimi.

"Kamwene, mwalimu." Oliva wa Kihwele,
ana cheti cha kidato cha nne na hana pa kukipeleka.
Luku imebaki uniti nne. Nikawasha.
Sijamaliza kusema akasukuma kipande kutoka kushoto.

Kiliruka.
Kikagonga debe la maji, debe likalia kama kengele ya mapumziko.
Nikazima. Nikamshika mikono, nikahesabu:
kumi.
Nikahesabu tena.

Kosa lilikuwa langu. Nani huwasha kabla ya kufundisha?
Mfukoni mwa koti kulikuwa na chaki,
fupi, imeoteana na nyuzi za koti.
Nikachora mshale juu ya ule weusi,
kulia kwenda kushoto.
"Kisu kinazunguka kikija kwako.
Usikifuate kinakokimbilia. Kipinge, polepole,
na vidole vikae mbali, mti wa kusukumia ndio huu."

Akaingia kulia.
Sauti ikashuka, ikawa nzito, ikawa ya kazi.
Kipande kikatokea kushoto na mfereji wake,
msafi, wa joto, ukinukia utomvu.
Oliva akaupitisha kidole cha shahada ndani yake,
mwanzo hadi mwisho, hakusema kitu.

Unga wa mbao ulikuwa umeufunika mshale.
Nikaupuliza; na chaki nayo ikaondoka.
Nikampa kile kipande.
"Chora wewe."