Kidole Kimoja cha Mafuta

Saa tisa za usiku, Aberdeen.
Mama yako yuko zamu, anawageuza wazee wa watu vitandani
wasije wakaota vidonda,
na mimi huku nakugeuza wewe.

Nafungua nepi. Wekundu umepanda tangu jana,
umeingia mikunjoni, umeacha vipele pajani.
Makalio kama shavu lililokula kofi.
Nani kakupiga, Batuli?
Mkojo wako mwenyewe.
Na baba yako, aliyejiibia nusu saa ya usingizi.

Mafuta ya nazi yako dirishani.
Huku hayamiminiki. Yameganda,
meupe, magumu kama mshumaa,
kijiko kikiyagonga kinalia.
Kwetu Pangani sikujua kuwa mafuta yanaweza kukataa.
Nayachimba kwa kijiko, nayatia kiganjani,
nafunga ngumi, nangoja.
Wewe unalia, mimi nimekunja ngumi:
jirani akichungulia atasema nini?

Bibi yako alinipigia jioni.
"Usimpake juu ya maji. Mwoshe, mkaushe kwa kugusagusa,
kisha mwache apigwe na upepo."
Upepo, mama? Upepo wa huku unang'oa vigae.
Nimekulaza karibu na hita, mataulo mawili chini,
ukapigwa na upepo wa umeme.
Akauliza mafuta ni ya wapi.
Nikasema ya kwetu.
Kopo limeandikwa Ufilipino, na Mungu kaliona.
Lakini ningemwambiaje
yeye aliyekaa juu ya mbuzi akakuna nazi ishirini,
akakamua, akachochea tui mpaka likajitenga,
mafuta juu, mashapo chini,
na mimi na kaka yangu Shekue tukapigania mashapo
yaliyoungua kidogo, matamu?

Mji huu unaishi kwa mafuta.
Nilikuja kusomea hayo hayo, yale meusi, ya chini ya bahari;
cheti kiko sandukuni, chini ya blanketi zako.
Mtoto wa Bi Elspeth, jirani wa chini, anayachimba:
wiki tatu baharini, wiki tatu baa.
Jana mama yake alipanda ngazi na chupa,
maua ya manjano ya bustani yake
yaliyolala kiangazi kizima ndani ya mafuta ya alizeti.
Kaninusisha. Kaongea kilugha chake,
nusu nakielewa, nusu naitikia tu,
kwamba wanawe wanne walipakwa hayo
na hakuna aliyekufa.

Nesi wa watoto alikuja Jumatano na mizani yake.
Akanusa kopo, akanusa chupa. Hakukemea.
Akasema: moja kwanza, si yote kwa pamoja.
Jaribu padogo, ungoje siku nzima.
Yakimkubali, mpake safu nyembamba, ngozi ikiwa kavu.
Nepi ibadilishwe mara moja, hata usiku, hasa usiku.
Na ukiona usaha, au homa, au vidoadoa vinasambaa,
weka mafuta chini, shika simu.
Mafuta hayajui kila kitu.
Hilo la mwisho aliniangalia alipokuwa analisema.

Basi, ngumi inafunguka. Yameyeyuka.
Kidole kimoja tu. Wahenga walisema chovya chovya
humaliza buyu la asali,
na kopo langu limefika nusu, na mshahara ni tarehe ishirini na nane.
Nakupaka taratibu, mkunjo kwa mkunjo,
unanyamaza, unanitazama kama hakimu,
halafu unanikojolea.

Tunaanza upya.

Saa mbili asubuhi ufunguo unagoma mlangoni.
Salha anaingia na baridi yake, anavuta pua:
"Nani kapika wali wa nazi saa hizi?"
Simjibu. Nakuinua, nakugeuza,
namwonyesha.
Bado mekundu, ila sasa ni wekundu wa haya,
si wa kofi.
Anaweka mikono juu ya hita kwanza,
anaigeuza, anaigeuza tena,
ndipo anakupokea.