Barua ya Mtendaji

Tumpale, leo nimeifungua tena ile bahasha ya kaki.
Barua bado imo. Unyevu wa Tukuyu umeilegeza mikunjo,
muhuri wa kata umechuja,
zambarau ya maji yaliyosuuza vikombe.

Siku ile nilimkuta Kibona ofisini, barakoa kidevuni,
ndoo ya kunawia mlangoni, koki ikidondoka.
Nikamweleza: dada yuko Bolzano, avuke Brenna,
apite Austria, aingie Ujerumani, ndipo apande ndege,
na kila mlango unadai sababu ya lazima.
“Sababu ya lazima,” akarudia, kama anayeonja chumvi.
Akaandika kwa mkono, taratibu, mwandiko wa shule ya misheni:
Ninathibitisha kuwa marehemu alikuwa mama yake mzazi.
Akagonga muhuri mara mbili. Wa kwanza haukukolea.

Gwamaka wa duka la kopi alikataa hela.
Umeme ulikatika, tukangoja,
mvua ikipiga bati hadi tukazungumza kwa ishara,
kisha karatasi ikaondoka
ikavuka jangwa na bahari bila kupimwa joto
ikakukuta kwenye foleni, theluji viatuni.

Ulinisimulia baadaye, kwa vipande vya sauti:
askari kijana, glavu za buluu, macho ya usingizi.
Akaisoma pasi yako: mgeni.
Akaisoma kadi yako ya ukaazi: wa huku.
Miaka tisa umewaogesha wazee wa huku,
unajua nani anaogopa maji ya kichwani.
“Kwako ni nyuma yako,” alisema. “Rudi nyumbani.”
Ukamjibu, “Nyumbani ndiko ninakokwenda.”
Hakuna aliyesema uongo.

Ukamwonyesha barua. Akaikuza kwa vidole viwili,
akitafuta neno hata moja alijualo.
Akaliona jina lako. Akauliza, na hili je?
Marehemu, ukasema.
Akasema pole, kwa lugha yake.
Hakusema pita.

Cheti chako cha daktari kilikuwa na uhai wa siku nne.
Mama naye tulimlaza Makandana siku nne.
Ya tano tukachimba, kaburi likijaa maji,
tukiyachota kwa sufuria iliyotoka kupikiwa mchele wa Kyela.
Simu niliishika chini ya mwavuli ili nawe uwepo.
Ukasema hukusikia mahubiri.
Ulisikia mvua, na mtu mmoja akikohoa,
na umati mzima ukinyamaza kumsikiliza akikohoa.

Unakumbuka alivyokuwa akivuka Songwe?
Kiangazi, maji ya magoti, kandambili mkononi,
mkungu wa ndizi kichwani, na ng'ambo
shangazi yake anaosha masufuria.
“Mugonile!” ndiyo ilikuwa pasi.
Na mto wenyewe hautulii: kuna mwaka ulihama usiku,
shamba la mtu likalala Tanzania likaamka Malawi.
Mwenye shamba akachukua jembe, akaendelea kupalilia.

Ulifika Septemba. Uwanja wa ndege nao unaitwa Songwe.
Kijana wa afya akakuelekezea kipimajoto usoni:
“Mgeni au mwenyeji?”
Ukacheka peke yako,
ukacheka mpaka akarudi nyuma hatua moja.

Kaburini hukulia. Uling'oa magugu, ukanawa,
ukauliza kwa nini tuliweka saruji ya bei rahisi.
Usiku ndipo nilikuuliza kuhusu barua,
kama niitupe.
“Iache,” ulisema. “Haijapata wa kuisoma.”

Kibona amehamishiwa Busokelo.
Na mimi sikuwa nikiitafuta, dada.
Nilikuwa natafuta hati ya shamba,
na mpaka sasa sijaiona.