Kizibo

Ndoo ilivuka na meli kutoka Unguja,
imefunikwa kanga mbichi, imefungwa kamba ya usumba.
Bandarini Mkoani mchukuzi akauliza: "Chambo?"
Mwanangu Raifa akajibu: "Wafanyakazi."

Kilo moja ya nyungunyungu,
wekundu, wembamba kama uzi wa kufumia kofia,
wamelala kwenye samadi kama wageni wa heshima.
Nikacheka mpaka nikashika mbavu.
Miaka miwili chuoni, unaniletea minyoo?
Kangagani hakuna minyoo?

Mie nilikuwa mtu wa mfuko.
Kila mwaka mfuko mmoja wa yurea, kilo hamsini,
naichota kwa kopo, naimwaga kama mtu alishaye kuku.
Mwaka wa kwanza tungule zilivimba
kama mashavu ya mpiga zumari.
Mwaka wa nne, mfuko uleule, tungule za gololi.
Mwaka wa sita nikapiga jembe, likalia ngaa!
Masika yakanyesha, udongo haukunywa;
maji yaliteleza juu yake
kama tone kwenye jani la jimbi.
Nikaongeza nusu mfuko.
Nikakopa.

Raifa akaokota bonge, akalivunjia kwenye jiwe.
"Baba, udongo huu unalishwa chumvi bila ya wali."

Nami sikukubali kushindwa na mtoto wangu.
Nikamtungia palepale, nimeegemea mpini:

   *Mwanangu nakusikia, ila moyo una shaka,*
   *Minyoo wanijazia, tungule nazo nataka,*
   *Mfuko nauridhia, ni dawa ya uhakika,*
   *Tuta moja nakwachia, mengine hutayashika.*

Hakujibu kwa shairi. Alijibu kwa maganda.
Maganda ya ndizi, ya muhogo, majani ya mgomba,
samadi ya zizi la Bi Time aliyoibeba kichwani,
vyote ndani ya friji bovu lililolazwa chali
chini ya kibanda cha makuti.
Usiku mmoja siafu wakaja.
Tulipigana nao kwa majivu mpaka alfajiri,
mie na yeye, bila kusemeshana.

Miezi mitatu. Akafunua gunia:
nyeusi, laini kama kahawa iliyotwangwa,
harufu ya mvua ya mwanzo.
Akaitandaza tutani kwake, akapanda, akangoja.

Miche ikasimama vizuri, sikatai.
Majani mapana, udongo unabonyea ukikanyaga.
Lakini matunda yalisuasua,
nami nikawa napita pale nikikohoa kwa makusudi.

Ndipo usiku akaja barazani, kashika kizibo cha soda.
"Baba. Nigawie chumvi."

Sikumcheka. Nilitaka, lakini mamake alikuwa ananitazama.
Bi Mize akasema huku anachambua mchele:
"Chumvi si chakula. Lakini nani hapa anakula bila chumvi?"

Basi tukafanya hivi, msimu uliofuata, konde zima:
mboji kwanza, viganja viwili kila shimo.
Wiki mbili zipite.
Halafu yurea, kizibo kimoja tu, shubiri moja kutoka shinani,
ifukiwe, jua lisiione.
Jembe liliingia kimya.
Debe saba, mahali nilipokuwa napata tatu.

Faki, jirani yetu, hakutaka kungoja wiki mbili.
Aliomba minyoo, akawamwagia mbolea humohumo ndani ya karai,
ili, anasema, washibe upesi.
Asubuhi alikuja na karai lake, kainamisha kichwa,
nusura nimpe mkono wa tanzia.

Dukani Wete, muuzaji keshaubeba mfuko begani.
"Nipimie nusu," nikamwambia.
"Vipi mzee, mambo magumu?"
Sikujua nianzie wapi kumweleza.

Raifa karudi Unguja, kaajiriwa.
Kizibo kimo mfukoni mwangu, pamoja na tasbihi.
Usiku napita na tochi, nafunua gunia kidogo:
wanaukimbia mwanga, wanazama.
Bado sijazoea kuwashika.
Nawaambia tu, poleni na kazi,
kisha nafunika.