Kona ya Tatu

Saa tano usiku, jikoni kwangu, Turku.
Theluji imeziba nusu ya dirisha,
kahawa imepoa, na Hilkka amekuwa mstari wa bluu
unaopanda na kushuka kwenye kompyuta.

Saa moja, dakika ishirini na sita, sekunde tisa.
Alitaka moja na ishirini na tano kamili.
Ana miaka arubaini na minane, anachonga meno ya bandia,
kazi ambayo unywele mmoja ni umbali mkubwa.
Sekunde sitini na tisa!
Ameniandikia neno moja tu:
Wapi?

Naanza pale kila mtu anapoanza, kwenye sleji.
Kilo mia na mbili za chuma juu ya zulia.
Aliinama, akaisukuma kama asukumavyo mtu gari la jirani,
bila furaha, bila kusimama.
Makasia ya mashine: sawa, hata nimeshangaa.
Kamba: mkono baada ya mkono, alijikwaa mara moja.
Gunia la mchanga begani, mita mia za kupiga goti,
goti likigusa sakafu na kuinuka, likigusa na kuinuka,
kama mtu alipaye deni kidogo kidogo,
na deni likaisha.
Mpira wa kutupa ukutani, hapo alilia,
lakini alilia kwa mwendo uleule.

Basi si nguvu. Ni mbio.
Kilomita nane zilizokatwakatwa,
kila kilomita mizunguko mitatu ya ukumbi,
na kila mzunguko, mahali palepale,
mstari unabonyea.
Sekunde tatu. Nne. Mbili na nusu. Tatu tena.

Kona ya tatu.
Nikashuku sakafu, pengine kuna aliyemwaga maji.
Nikashuku mlango wa mizigo
na upepo wa Februari upenyao chini yake.
Nikashuku kibanda cha soseji, maana njaa nayo ina mkono.
Nikampigia Pentti, aliyekimbia kundi lake.
"Kona ya tatu?" akasema kwa sauti ya usingizi.
"Haina neno. Ila palikuwa na mtu anapiga kelele."

Nikafungua video.

Nyani haoni kundule.
Kamera huliona, tena kwa rangi:
kofia nyekundu, mikono hewani,
mdomo wazi kama wa kinda kwenye kiota.
Mabega! Pumua! Hatua fupi!
Na Hilkka, kila apitapo, anageuza shingo,
ananitazama, anaitikia kwa kichwa,
maana alilelewa hivyo, ukisemeshwa uitike;
pumzi inakatika, hatua zinarefuka,
na mabega, ndiyo, mabega yanapanda.

Katika mji huu watu husubiri basi
wameachana mita mbili, hakuna asemaye.
Mimi ndiye niliyetaka kulipasua paa.

Mzunguko wa kumi na tisa nilikwenda chooni.
Mstari hapo umenyooka kama uzi wa fundi.
Ishirini na tatu iliyobaki, mara tatu:
nimepiga hesabu kwa kalamu, kisha kwa vidole.
Sitini na tisa.

Nimemfundisha miaka sita.
Nimempimia usingizi, chumvi, mapigo ya moyo,
urefu wa kamba za viatu.
Kitu kimoja sikuwahi kukiweka kwenye mizani.

Nikaandika ripoti ndefu, yenye majedwali.
Nikaifuta.
Nikaandika: Kona ya tatu. Ni mimi.
Nikaongeza: Kwenye mashindano ya Mei nitabaki nyumbani.

Gari la kukwangua theluji likapita barabarani,
taa yake ya njano ikazunguka dari,
ikaondoka.
Kisha simu ikatikisika kando ya kikombe.

Njoo. Nyamaza.

Maneno mawili.
Kwa Hilkka, hiyo ni hotuba.